Jiwe la Gakara na Sheria za Wakubwa

Ndugu wafanyakazi, mara nyingi tunaulizwa: ugomvi wa mataifa makubwa unatuhusu nini sisi wa viwandani na wa mashamba ya chai? Jibu haliko mbali. Liko kilometa kama 20 kusini ya Bujumbura, kwenye vilima vya Gakara.

Gakara kuna madini adimu. Yalichimbwa tangu enzi ya Wabelgiji, kisha kazi ikaachwa mwaka 1978, kwani wakati huo jiwe lile halikuwa na wachumba wengi. Leo wachumba wamejaa mlangoni, na sababu yake ni sumaku. Ndani ya jiwe hilo mna neodimi na praseodimi, ambazo hutengeneza sumaku ndogo zenye nguvu kubwa mno. Sumaku hizo zimo katika mota za magari ya umeme, katika mitambo ya umeme wa upepo, katika simu, na pia katika makombora. Kwa hiyo anayezishika ameshika viwanda vya mwenzake na jeshi lake.

Nchi inayozishika ni China, maana sehemu kubwa kabisa ya usafishaji wa madini hayo iko kwake. Mwaka 2010 ilipobana uuzaji, Japani ilitapatapa. Mwaka 2012 Marekani, Ulaya na Japani zilikwenda kushitaki kwenye Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2014 zikashinda. Je, ushindi huo ulimaliza neno? Aprili 2025 China ilitoa amri nyingine kwamba aina saba za madini haya haziondoki bila kibali, na viwanda vya magari vya Ulaya na Marekani vikahangaika upya. Hukumu ilikuwa kwenye makaratasi, na tanuri la kusafishia lilikuwa China.

Na sisi je? Mwaka 2017 kampuni ya Rainbow Rare Earths, yenye hisa katika soko la London, ilianza kuchimba Gakara, serikali yetu ikiwa na hisa 10 kwa 100. Jiwe lilipondwa, likachujwa, likatiwa katika magunia, likaenda ng'ambo. Wenzetu wa kahawa wanaijua hadithi hii: inaondoka mbichi, na bei inasemwa New York. Aprili 2021 serikali ilizuia jiwe lisitoke mpaka ijue bei yake inapangwaje. Katikati ya mwaka huo ikasimamisha uchimbaji wa makampuni kadhaa, ikisema mikataba hailipi nchi haki yake.

Sisi tunasema serikali ilikuwa na haki. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na tarehe 14 Desemba mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio 1803, linalosema utajiri wa ardhi ni mali ya wananchi wa nchi yenyewe.

Lakini kuna sheria nyingine, nayo ina meno zaidi, yaani mikataba ya kulinda wenye mitaji. Mwaka 1995 Wabelgiji wenye hisa katika kampuni moja ya madini ya thamani waliishitaki Burundi kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, huko Washington, kwa sababu kampuni yao ilikuwa imenyang'anywa nafuu za kodi. Shauri lilikwisha mwaka 1999, baada ya nchi yetu kukubali kurudisha karibu dola milioni 3. Hesabuni wenyewe ni magunia mangapi ya kahawa.

Basi mwenye mtaji ana baraza lake Washington. Serikali ina azimio lake. Mchimbaji wa Kabezi ana nini? Jina lake halimo katika mkataba. Siku jiwe lilipozuiwa, sururu iliwekwa chini, na hatukusikia kuwa kuna aliyemwita mezani kumwuliza atakula nini. Kuilinda mali ya taifa ni jambo jema, ila hatukubali kwamba gharama ya ulinzi huo ibebwe na mgongo mmoja tu.

Kwa hiyo mkataba wowote mpya wa Gakara, au wa nikeli ya Musongati, uandikwe pia kwa Kirundi na Kiswahili na ubandikwe pale wanapofanya kazi watu. Chama cha wafanyakazi kiwe na kiti katika mazungumzo, na mkataba utaje mshahara utakaolipwa kazi ikisimamishwa, na nani ataulipa. Tena, kabla ya kukaa mezani, nchi iwe na maabara yake na vijana wake waliosomea kupima jiwe hilo. Mwaka 2021 tulikuwa tukiuliza bei ya mali ambayo mnunuzi aliijua kuliko sisi wenye nayo.