Diski Inajifunga, Lakini Ufunguo Umeuacha Mlangoni

Wasee, hiyo nywila ya Windows unayoandika kila asubuhi hailindi mafaili yako. Inalinda mlango wa mbele tu. Mtu akiwa na bisibisi na dakika chache, anatoa diski, anaichomeka kwa mashine ingine na kusoma kila kitu: picha, kandarasi, kopi ya kitambulisho, hata vitu vingine ulivyodhani umefuta.

Laptopu ikiibwa hapa Nairobi, sisi hulilia bei. Naona tunalilia kitu kidogo. Mashine ingine utaipata Luthuli. Picha za mtu zikishatoka nje hazirudi.

Dawa ipo. Kuna diski zinazojisimba zenyewe. Chipu iliyo ndani inageuza kila unachohifadhi kuwa fujo isiyosomeka bila ufunguo, mara nyingi wa AES wa biti 256, na ufunguo huo hukaa humo humo ndani ya diski. Kwa sababu kazi inafanywa na diski yenyewe, laptopu haipungui mwendo. Siku ya kuiuza, unaamuru diski itupe ufunguo wa zamani na itengeneze mpya. Data yote ya zamani inakufa kwa sekunde.

Sasa kuna hii kitu wauzaji hawatwambii. Diski hizi kwa kawaida hutoka kiwandani bila nywila. Data imesimbwa, ndio, lakini diski ikipata stima tu inamfungulia yeyote. Wewe na mwizi mko sawa. Lazima uweke nywila mwenyewe.

Na hata ukiiweka, usilale. Novemba 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud kule Uholanzi, Carlo Meijer na Bernard van Gastel, walionyesha kwamba baadhi ya diski za Crucial na Samsung zingeweza kufunguliwa bila nywila ya mwenyewe. Kwa zingine, nywila na ufunguo havikuwa vimeunganishwa kabisa. Mbaya zaidi, BitLocker ya Windows ilikuwa inaziamini: ikiambiwa diski inajisimba, inakaa kando. Mwaka wa 2019 Microsoft ikabadilisha hiyo tabia.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: usimwachie mtengenezaji wa diski kazi yote. Ongeza programu ya kusimba juu yake. Kuna BitLocker, kuna FileVault kwa Mac, na VeraCrypt ni ya bure. Ukimaliza kazi, zima mashine kabisa, kwa sababu laptopu iliyofunikwa tu ikiwa imelala bado inaweza kuwa na diski iliyo wazi. Weka nakala ya mafaili mahali pengine, nayo uisimbe. Ukisahau nywila, hakuna fundi atakuokoa.

Najua kuna mtu anasema, "Mimi sina siri." Sawa. Lakini kama unapiga picha za harusi, unaendesha saiba ama unaweka rekodi za chama, hizo siri si zako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika data ya watu ailinde, na haijasema kampuni kubwa pekee.

Leo usiku, kabla ulale, angalia kama diski yako imefungwa kweli. Kama iko wazi, ifunge, ama uwaambie wateja wako ukweli kwamba picha zao ziko mlangoni.