Subaru au Evo? Bishaneni tu, ila msiende kuamulia Mikumi

Poleni na majaribio, poleni na kusubiri boom ambalo kila siku "linaingia kesho". Leo naweka kando habari za mgomo wa maji hall, nina hoja moja inanikereketa tangu wiki iliyopita.

Kila jioni pale vimbwete kuna kikao. Wajumbe ni wale wale, ajenda ni ile ile: kati ya Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution, kipi ndio chuma? Watu wanabishana mpaka mishipa ya shingo inasimama. Cha kuchekesha, ukikusanya mali za wajumbe wote hupati hata Vitz moja. Baiskeli ipo moja, na ile ni ya kuazima!

Mimi ni mtoto wa Kilosa, nimekulia kwenye vumbi la barabara ya Ulaya kwenda Mikumi, na magari nayapenda sana tu. Hivyo sijaja kuwacheka. Nimekuja kusema kwa nini nadhani ubishi huu hautaisha, kwa nini hauna ubaya, na mahali ambapo unageuka kuwa balaa.

Kwanza, historia. Mashine hizi zilizaliwa kama mapacha. Evo ya kwanza na Impreza WRX zote zilitoka 1992, STI ikafuata 1994. Zote silinda nne, zote tabo, zote injini ya lita mbili, zote magurudumu manne yanavuta, na zote zilizaliwa kwa ajili ya rally. Sheria za mashindano wakati ule zilimtaka mtengenezaji auze maelfu ya magari ya namna hiyo kwa watu wa kawaida ndipo aruhusiwe kushindana. Ndiyo maana dereva wa kawaida aliweza kununua gari iliyofanana kwa karibu na ile aliyoiona kwenye tivii imejaa matope.

Halafu kuna jambo wabishi wengi hawalijui. Watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kiungwana kwamba gari ya kuuzwa kwao isitangazwe kuwa na nguvu ya farasi zaidi ya 280. Makubaliano hayo yalidumu mpaka 2004. Kwa hiyo kwa miaka mingi ukifungua vitabu vya magari hayo mawili, yote yanasema 280. Karatasi zinasema sare! Sasa watu wakipewa sare na karatasi, wewe unategemea waamue kwa kutumia nini? Wataamua kwa moyo.

Na moyo ndio mzizi wa ubishi wote. Ukiwasikiliza kwa makini wale jamaa, utagundua kila mmoja anapima kitu chake.

Mtu wa Subaru anakuambia kuhusu sauti. Injini ya Subaru silinda zimelala, mbili kulia mbili kushoto, pistoni zinatupiana kama mabondia. Hiyo inafanya uzito ukae chini, na gari inatulia kwenye kona. Lakini ule mngurumo wa "bububu" unaowatoa watu hostel kuja dirishani hautoki kwenye kulala kwa silinda peke yake. Unatokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana, moshi unafika kwa zamu mbovu mbovu. Zile STI za soko la Japani za miaka ya 2000 ziliwekewa mabomba ya urefu sawa, tabo ikapumua vizuri zaidi, na mngurumo ukapungua. Yaani kinachopendwa na watu ni kasoro. Mwambie hivyo shabiki wa Subaru uone, atakuchukia mwezi mzima.

Mtu wa Evo yeye haongelei sauti, anaongelea kona. Kuanzia Evo IV ya 1996, Mitsubishi waliweka mtambo kwenye difu ya nyuma unaogawa nguvu kati ya tairi la kushoto na la kulia, gari inajisukuma yenyewe kuingia kwenye kona. Na injini yao ya 4G63, iliyobeba Evo ya kwanza mpaka ya tisa, bloku yake ni chuma cha kumimina, ukiongeza nguvu inavumilia. Shabiki wa Evo ni kama mwanafunzi wa hesabu: anataka jibu, haangalii mwandiko.

Sasa nendeni kwa fundi. Fundi naye ana kipimo cha tatu. Yeye anauliza spea iko wapi. Hapa Bongo Forester na Impreza za mtumba zimejaa, na Forester ya tabo ina injini ya ukoo mmoja na STI. Ikikufia Kilosa mjini, kuna matumaini ya mtu kukutafutia kitu Moro au Dar. Evo ni adimu, ikikufia utaishi nayo kama mgonjwa anayesubiri rufaa. Lakini fundi huyo huyo atakuambia Subaru za lita mbili na nusu zinajulikana kwa kuchoma hedi gasketi, na kwamba kubadilisha plagi tu kwenye injini iliyolala ni kazi ya kuchubuka vidole.

Sauti, kona, spea. Vipimo vitatu, halafu watu wanataka jibu moja. Haliwezi kupatikana! Ni sawa na kuuliza kati ya ubwabwa na ugali kipi kina kasi.

Kuna na urithi pia. Afrika Mashariki hatukuanza kupenda magari haya kwenye michezo ya kompyuta. Safari Rally ilianza 1953, na miaka ile ya mwanzo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh, Mkenya, alishinda 1965 akiwa na Volvo, kisha akashinda 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Tena 1976 Lancer zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wazee waliosikia hayo redioni waliwarithisha watoto wao jina la Mitsubishi kama wanavyorithisha shamba.

Halafu ikaja zamu ya kizazi kingine. 1996 Tommi Mäkinen alishinda Safari na Lancer. 1997 Colin McRae akaja na Impreza akachukua. 1998 Richard Burns akairudisha kwa Mitsubishi. 2000 Burns huyo huyo, sasa kahamia Subaru, akashinda tena. 2001 Mäkinen akamaliza na Lancer. Kwa hiyo inategemea ulikuwa na umri gani na gari gani ilikurushia vumbi. Aliyekuwa darasa la tatu mwaka 1997 huwezi kumweleza kitu kuhusu Evo. Angalieni na Burns: dereva mmoja, magari mawili, yote kashinda. Ingekuwa ni gari peke yake, angehangaika. Ile ni mikono!

Mimi naona huu ni utani wa jadi, kama Simba na Yanga. Yanga ya 1935, Simba ya 1936, wametoka tumbo moja na ndiyo maana hawaachi kutaniana. Hakuna anayemtania mtu asiyefanana naye. Shabiki wa Evo hapotezi muda kubishana na mwenye lori la mchanga. Anabishana na Subaru kwa sababu akiangalia vizuri anajiona.

Na kama kwenye utani wowote, ukweli mchungu upo pembeni. Mitsubishi iliacha mashindano ya dunia mwishoni mwa 2005, Subaru ikaondoka mwishoni mwa 2008. Evo ya mwisho ilitoka kiwandani miaka ya 2015 na 2016. Subaru nao walitangaza 2022 kwamba WRX mpya haitakuwa na STI ya injini ya petroli. Yaani wadau tunabishana kuhusu marehemu wawili! Safari iliporudi kwenye ratiba ya dunia 2021, kuanzia mwaka huo mpaka 2025 ilishindwa na Toyota kila mwaka. Mwenye IST yake anawaangalia anatabasamu tu.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Bishaneni, cheke cheke, mtu akalale.

Ubaya unaanza pale mtu anaposema, "Tusibishane kwa mdomo, twende barabarani." Na barabara wanayoitaja watu wa Moro siku zote ni hiyo ya Mikumi. Imenyooka, lami nzuri, usiku trafiki wa tochi hawapo. Nimesikia kwa masikio yangu watu wakijisifu, "Tulitoka Moro saa fulani, tukanywa chai Mikumi saa fulani." Wanataja dakika kama wanataja GPA.

Naomba tupige hesabu kidogo. Kipande cha barabara kuu ya kwenda Zambia kinachopita ndani ya hifadhi ni kama kilomita 50. Ukienda mwendo wa 70 unatumia dakika 43. Ukienda 140, dakika 21. Umeokoa dakika 22, muda wa kula chipsi mayai moja. Umelipa nini? Kwa 140 gari inakula mita 39 kila sekunde. Ukishtuka kwa sekunde moja tu kabla mguu haujafika kwenye breki, mita 39 zimeshakwenda. Hata kwa breki nzuri na tairi nzuri, mpaka usimame umetumia zaidi ya mita 130. Kwa 70, ni mita 40 na kitu. Taa za chini zinakuonyesha mita 50 au 60 hivi. Kwa 70 unamwona mnyama na unasimama. Kwa 140 unamwona mnyama na unamgonga, jina la gari halibadilishi chochote. STI ya gizani na Evo ya gizani ni kitu kimoja.

Na mnyama wa Mikumi si kuku wa Kimamba. Twiga dume anazidi kilo 1,000, na uzito wote uko juu ya miguu mirefu. Ukimkata miguu, mwili haurukii pembeni, unakuja kwenye kioo chako. Tembo na nyati sina haja ya kueleza. Yale matuta na rasta hayakuwekwa kutukomoa, na faini za kugonga wanyama hazikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Hifadhi ile ipo tangu 1964. Wenye njia ni wao, sisi tunaomba kupita.

Kuna mtu ataniambia, "Mbona McRae alipita porini Kenya mwendo wa kufa mtu?" Sawa kabisa. Ila enzi zile Safari ilikuwa inapita kwenye barabara ambazo hazijafungwa, na timu kubwa zilikuwa na helikopta inayoruka mbele ya gari, kazi yake kumwambia dereva kwenye redio: kuna ng'ombe, kuna watu, kuna lori. Dereva bora duniani, gari bora duniani, na bado aliwekewa macho angani. Wewe macho yako angani ni nani? Huyo rumeti wako aliyeshika simu anarekodi?

Mjomba wangu ameendesha semi njia ya Tunduma miaka mingi, kituo chake cha kulala ni Mikumi mjini. Madereva wa semi nao wana ubishi wao, Scania na Volvo, na wanabishana kuliko sisi. Siku moja nikamuuliza, "Shikamoo mjomba, sasa mnaamuaje nani mshindi?" Akaniambia, "Marahaba. Mshindi ni yule tunayemkuta asubuhi anakunywa chai." Sijasikia jibu bora zaidi ya hilo kwenye vimbwete vyote vya chuo hiki.

Na kwenye njia ile hauko peke yako. Kuna basi la watu 50 linakuja mbele, kuna bodaboda anatoka Doma na magunia ya nyanya, kuna lori limeharibika halina pembetatu bali matawi tu. Hao hawakuingia kwenye ubishi wenu. Hawajui hata EJ na 4G63 ni nini.

Msimamo wangu ni huu. Mnaotaka kujua gari ipi kali, rally zipo: Mkwawa Rally ipo, barabara inafungwa, helmeti zipo, daktari yupo. Nendeni mkasimame kwenye kona mle vumbi mpaka mtosheke. Na anayetaka tu kuisikia 160, tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar inapita Moro na Kilosa kwenda Dodoma, inafika mwendo huo na wewe umekaa unasoma desa.

Na kama mnataka kujua mimi ni wa upande gani: Subaru, kwa ile ile kasoro ya sauti. Mtu wa Evo anitafute kesho vimbwete saa kumi na moja, aje na hoja. Funguo aache nyumbani.

Naomba kutoa hoja.