Kosa dogo lilipwe mapema, tena mbele ya watu

Wilaya ya Aru haina bahari wala ziwa kubwa. Mkaaji wa huku akitaka kuona maji mengi, atashuka mpaka Mahagi, kwenye Ziwa Albert, na huko pia atakuta mitumbwi ya wavuvi, si mashua za mashindano. Lakini mchezo wa mashua za matanga una jambo moja ambalo polisi wa barabarani, wamotari na wakubwa wetu wa Aru na Ariwara wangefaa kulitazama vizuri: namna unavyochagua adhabu ya mtu aliyevunja sheria.

Mchezo wenyewe hauko mbali na sisi. Kule Lamu, pwani ya Kenya, majahazi hushindana wakati wa Maulidi. Jirani zetu wa Uganda wana klabu ya mashua za matanga huko Entebbe, kwenye Ziwa Victoria. Sheria za mashindano ya kimataifa zinaandikwa na shirika la World Sailing, na zinarekebishwa kila miaka 4. Zinazotumika leo ni za 2025 mpaka 2028.

Shida ya mchezo huu ni rahisi kuelewa. Katika mpira wa miguu, mwamuzi anakimbia pamoja na wachezaji, akiona kosa anapiga filimbi. Majini, mashua 20 au 30 zinakimbilia boya moja kwa upepo ule ule, na mara nyingi hakuna mwamuzi karibu. Aliyeona kosa ni aliyelifanya na aliyefanyiwa. Ni nani basi atakayetoa adhabu?

Jibu la sheria ni kwamba wa kwanza kujiadhibu ni mkosaji mwenyewe. Aliyegusa boya anazungusha mashua yake mzunguko mmoja mzima. Aliyeizuia mashua nyingine iliyokuwa na haki ya kupita anazunguka mara mbili. Anajitenga kwanza na wenzake, anazunguka bila kukawia, kisha anaendelea na safari. Anapoteza muda, pengine wenzake kadhaa wanampita, lakini hesabu yake imeisha. Kosa hilo halitamfuata tena nchi kavu.

Asipofanya hivyo, bei inaanza kupanda. Tuchukue mfano wa mashindano yenye mashua 24. Wa kwanza anapata pointi 1, wa pili 2, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Asiyefika mwisho anaandikiwa 25. Kuna mashindano ambayo, badala ya mizunguko, mkosaji anapandisha bendera ya manjano na kuongezewa asilimia 20 ya zile 25, maana yake pointi 5. Kuna pia mashindano ambayo waandalizi wameweka msuluhishi. Hapo, aliyenyamaza majini kisha akashtakiwa anaweza bado kukubali kosa kabla ya kesi kusikilizwa, naye anaongezewa asilimia 30, yaani pointi 8. Na yule anayekataa mpaka mwisho, akashindwa mbele ya jopo, anafutwa katika mbio hizo na kuandikiwa zote 25.

Tano, nane, ishirini na tano. Kosa ni lile lile. Kilichobadilika ni saa ambayo mtu alikubali kulibeba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sheria hizi zimefanya methali hiyo kuwa hesabu.

Sasa turudi Aru. Motari amebeba abiria wawili, au amepita mahali palipokatazwa, au hana karatasi zote. Polisi anamsimamisha. Mbele ya huyo motari kuna njia ngapi? Kwa sheria, njia ziko. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya tarehe 6 Agosti 1959, katika kipengele chake cha 9, inamruhusu afisa wa polisi wa upelelezi kumwalika mkosaji alipe faini, ile tunayoita amande, ikiwa anaona kwamba tribinali nayo ingeishia kwenye faini tu. Pesa hizo ni za hazina ya serikali. Haziwezi kupita kiwango cha juu cha faini kilichowekwa na sheria. Zikilipwa, kesi inaisha, isipokuwa mwendesha mashtaka aamue vingine. Ukitazama vizuri, huo ni mzunguko wa mashua: lipa kidogo mapema, endelea na kazi yako.

Lakini kila anayepita barabarani anajua jinsi mambo yanavyoweza kugeuka. Bei haijabandikwa popote. Leo ni franka, kesho ni shilingi za Uganda, na kiasi kinategemea sura ya mtu, haraka yake, na kama ana ndugu mwenye cheo. Mahali ambapo karatasi ya malipo haitolewi, ile haikuwa amande. Ilikuwa bei ya kupita. Na aliyelipa namna hiyo hajajifunza sheria. Amejifunza kutafuta njia ya kukwepa bariere.

Tofauti na mashua iko hapo. Mzunguko wa majini hauingii mfukoni mwa mtu yeyote. Mwamuzi hapati kitu, mshindani aliyeonewa hapati kitu, isipokuwa haki yake kwamba aliyemzuia amerudi nyuma. Tena unafanyika mbele ya watu wote, kwa hiyo hakuna wa kunong'ona kwamba fulani ameachiwa. Adhabu isiyomtajirisha anayeitoa, na inayoonekana na kila mtu, watu wanaikubali hata ikiwauma.

Wako watakaosema adhabu ndogo inawapa watu ruhusa ya kufanya makosa: tajiri atalipa na kuvunja sheria tena kesho. Hoja hiyo ina uzito, na sheria za mashua zimeijibu. Ikiwa mkosaji amemuumiza mtu, ameharibu mashua vibaya, au amepata faida kubwa kwa kosa lake hata baada ya kuzunguka, mizunguko haimwokoi. Anapaswa kujiondoa katika mbio. Na anayevunja misingi ya uungwana wa mchezo anaweza kupewa adhabu ambayo haifutiki katika hesabu ya mwisho, wakati matokeo mengine mabaya mara nyingi huruhusiwa kuondolewa. Kwa hiyo adhabu ndogo ni ya kosa dogo tu. Barabarani iwe vivyo hivyo. Aliyemvunja mtoto mguu kwenye barabara ya Ariwara asimalizane na polisi kwa noti chache. Huyo ni wa tribinali, na familia ya mtoto isikilizwe.

Tufikirie pia upande wa pili, ule wa adhabu kubwa kupita kiasi. Motari anayejua kwamba akisimama baada ya ajali atapigwa na umati, au pikipiki yake itachomwa, hatasimama. Atakimbia na kumwacha mtu akivuja damu. Mfanyabiashara anayejua kwamba akitangaza mzigo wake wote atalipa kama yule aliyeuficha, ataficha. Adhabu isiyo na ngazi inafundisha watu uongo. Inamwambia mkosaji kwamba kukubali na kukana kuna bei moja, na hapo mwenye akili atakana.

Yanayotakiwa si makubwa, na hayangoji sheria mpya kutoka Kinshasa. Kwanza, orodha ya makosa ya barabarani na kiwango cha kila amande ibandikwe mahali ambapo watu wanaiona: kwenye bariere, kwenye paka za pikipiki, sokoni, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji kama Kilugbara na Kikakwa. Pili, pasiwe na malipo bila karatasi, na shirika la raia lipewe nafasi ya kukagua vitabu vya karatasi hizo. Tatu, wamotari wenyewe, kupitia vyama vyao, waweke desturi yao ya mzunguko: mwenzao akikosea kidogo, kwa mfano akimkatia mwingine njia au akimnyang'anya abiria, akubali siku hiyo hiyo na kukaa nje ya foleni saa kadhaa mbele ya wenzake, bila pesa kupita mkononi. Akikana na mashahidi wakamshinda, akae nje siku kadhaa. Nne, ajali yenye damu isiwe biashara ya barabarani kamwe.

Jimbo la Ituri liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na mwananchi wa hapa amezoea kusikia neno adhabu likija pamoja na bunduki. Itakuwa vigumu kumwomba mtu huyo akubali kosa lake kwa hiari. Lakini hatakubali kamwe kama hajui atalipa kiasi gani, atamlipa nani, na kama jirani yake mwenye cheo naye angelipa sawasawa. Wakubwa waanze kwa kubandika orodha. Hiyo wanaweza kuifanya wiki hii.