TAARIFA YA TAWI: MWALIMU AKISHINDA UDIWANI, DARAJA LAKE JE?



Kila uchaguzi tunawasihi walimu na wauguzi wetu wagombee, nao wanatuuliza: nikikaa miaka 5 kwenye baraza, daraja langu linakuwaje? Si woga huo. Mwalimu wa Haydom au Katesh husubiri miaka kupanda daraja, na daraja ndilo mshahara, ndilo mafao ya kustaafu. Diwani anaishi kwa posho, na wapiga kura wakimchoka, basi.

Kenya mtumishi wa umma hujiuzulu miezi 6 kabla ya uchaguzi. Uganda anayetaka ubunge hujiuzulu siku 90 kabla ya uteuzi. Sababu tunaielewa, hata sisi hatutaki kampeni darasani. Lakini Ibara ya 21 ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi. Haisemi kwanza awe na duka au ng'ombe mia.

Msimamo wetu: apewe likizo bila malipo, aache kazi kweli, na akirudi aikute miaka yake ya utumishi pale alipoiacha. Asipandishwe kwa miaka ambayo hakufundisha, ila asianze upya.

Hoja tunaipeleka kikao cha kata. Watumishi, maoni yenu mpeni Katibu faragha, si humu kwenye grupu.

Uongozi wa Tawi