Antena Juu ya Paa na Haki ya Jirani



Juma hili nawaandikia kutoka Otonglo, magharibi ya mji wa Kisumu, kando ya barabara iendayo Busia, nilikokuja kumjulia hali binti yangu aliyeolewa huku. Mjukuu wangu, kijana wa miaka 16, ameletewa redio ya masafa mafupi na ami yake aliyeko Muscat, na tangu nifike hana neno jingine ila, "Babu, nisaidie kutundika antena." Mama yake hakuridhia. Alihofia radi, akahofia pia mwanawe kukesha na sauti za watu asiowajua. Nikatakiwa niamue.

Nilianza kwa kuuliza ni jambo gani hasa. Redio ya ridhaa ni mazungumzo ya watu binafsi kwa njia ya mawimbi, si kwa biashara, bali kwa kujifunza na kusaidiana, hasa yanapokatika mawasiliano mengine. Marehemu Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa miongoni mwao, akijitambulisha kwa alama ya JY1, na marehemu Sultan Qaboos wa Oman kwa alama ya A41AA. Alama za Kenya huanza na 5Z. Hapa kwetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na asiyekuwa nayo hana ruhusa ya kurusha sauti yake hewani. Kwa hiyo tukapatana na binti yangu: kijana atasikiliza tu, redio itakaa sebuleni, na itazimwa saa tatu ya usiku. Siku atakayotaka kusema, atafuata leseni kwanza.

Kuhusu waya wenyewe, hesabu yake si ngumu. Gawanya 143 kwa masafa unayoyataka, yakiwa katika megahezi, nawe utapata urefu wa waya wote kwa mita. Watu wa ridhaa hukutana sana kwenye megahezi 7 na kitu. Kwa 7.1 jibu ni mita 20 hivi, yaani mita 10 kila upande, na katikati unaungwa waya wa kuingia ndani. Haihitajiki minara. Waya ulioinuliwa mita tano au sita hupokea vizuri mchana sauti za umbali wa mamia ya kilomita, kwani mawimbi hayo hupanda juu kisha hurudishwa chini na tabaka za anga. Na hilo ni kheri kwetu, maana kiwanja cha ndege cha Kisumu ni jirani, na atakaye kusimamisha mlingoti mrefu karibu na kiwanja hana budi kupata kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Hapo ndipo nilipokosea, nami nakiri. Kwa pupa ya kumfurahisha mjukuu, asubuhi ya Jumamosi tulifunga ncha moja kwenye boriti ya paa, na ncha ya pili tukaifunga kwenye mwembe wa jirani, mama mkongwe mjane ambaye watoto wote wa mtaa humwita Dani, ndiyo bibi kwa Kijaluo. Dani alikuwa amekwenda sokoni. Nikajiambia kwamba waya mwembamba hauudhi mti.

Alasiri binti yangu alichungulia dirishani akatuita kwa sauti ya hofu. Dani alikuwa amerudi, ameona waya umeshuka karibu na mwembe wake, akadhani ni kamba ya kuanikia, akatundika blanketi lililorowa maji. Waya ulikuwa umevutika kama uzi wa upinde. Fundi wa umeme aliyekuwa akipita alisimama, akanyoosha kidole juu. Sikuwa nimetazama: waya wetu ulivuka juu ya nyaya za umeme ziingiazo nyumbani kwa Dani. Lau ungekatika ungeangukia nyaya hizo, na yule mama alikuwa ameshika blanketi bichi kwa mikono miwili.

Tuliliondoa blanketi, fundi akaushusha waya kwa tahadhari. Nikaenda mlangoni kwa Dani kumwomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, ungepiga hodi tu. Ningewaambia umeme unapita wapi."

Maneno hayo yalinichoma. Miaka mingi nimewasomesha watu kwamba Mtume wetu (s.a.w.) aliusiwa juu ya jirani hata akadhani jirani atarithishwa. Nami nimechukua mti wa mjane bila ya kumuuliza.

Siku ya pili tulianza upya. Waya sasa hauvuki nyaya za umeme, haupiti chini yake, wala hauko mahali ambapo ukikatika utazifikia. Umebaki ndani ya mipaka yetu, baina ya paa na nguzo ya mbao, na ncha zake ziko juu ya kimo cha mtu aliyenyoosha mkono. Tumeufunga vitambaa vyekundu ili uonekane. Haya yanaihusu hata antena ya televisheni, ambayo wengi wetu huwapandisha vijana juu ya mabati kuigeuza bila ya kutazama nyaya zilizo karibu.

Ikabaki hofu ya kwanza ya binti yangu, nayo ni hofu ya haki. Nchi hii ya ziwa ina radi nyingi. Upepo wa ziwani huvuma mchana kuelekea bara, ukakutana na pepo za mashariki kwenye miinuko ya Nandi, na jioni ngurumo zikaanza. Fundi alitutilia waya wa ardhini, lakini akatuonya kwamba huo hauzuii pigo la radi yenyewe. Dawa ni kuchomoa waya wa antena kabla ya mvua kufika na kuutoa nje ya dirisha, na kuuchomoa pia ule wa umeme. Ngurumo zikishaanza, hapana mtu agusaye kitu. Bedui aliamrishwa amfunge ngamia wake kwanza, ndipo ategemee.

Kazi ya kuchomoa ameichukua mama mtu mwenyewe. Kila alasiri hutazama mawingu, na neno lake halijadiliwi. Juzi kijana alinasa sauti ya mtu akiita kwa alama ya 5Z4. Alinikimbilia, kisha akatoka mbio kwenda kumwita Dani naye aje asikie. Safari hii alipiga hodi.

Wabillahi tawfiq.