Ngoma si Dansi, na Dansi si "Dance"

Nimechoka na neno moja la Kiingereza. Lina herufi tano tu: dance. Kila panapozungumzwa habari za kwetu nalikuta limeketi mbele kama mgeni rasmi. Limo kwenye tafsiri za hadithi, limo kwenye vipeperushi vya kuita watalii, limo kwenye video za harusi ambazo vijana wanapandisha mtandaoni: "Haya traditional dance". Ukiifungua hiyo video unakuta watu hamsini wanaimba, mzee anajigamba kwa maneno, kina mama wanapiga vigelegele na kujibizana, ngoma tatu zinasemezana. Halafu juu yake pameandikwa dance, kana kwamba watu wote wale ni miguu tu.

Sina ugomvi na Kiingereza. Kwa wenyewe neno linafanya kazi yake vizuri. Walilipata kwa Wafaransa tangu Zama za Kati, na wanalitumia hasa kwa mambo mawili: mwili unaofuata mapigo ya muziki, na shughuli ya jioni ambayo watu huvaa wakaenda ukumbini ili miili yao ifuate mapigo hayo. Muziki una jina lake pembeni. Shairi lina jina lake pembeni. Kila kitu kwenye kabati lake. Wao wameridhika, nami nimeridhika kwa niaba yao.

Sisi tulipolichukua hatukulichukua lote. Tulichukua ule ukumbi, tukaupa jina la dansi. Dansi ni gitaa, tarumbeta, kiingilio mlangoni na viatu vilivyopigwa rangi. Sijapata kumsikia mzee wa kwetu akisema anakwenda kwenye dansi huku akimaanisha harusi ya jirani yake. Ndiyo maana tuna muziki wa dansi, na hakuna anayeuchanganya na ngoma. Tena wenye dansi wenyewe waliijua tofauti hiyo vizuri sana. Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanza 1978, iliuita mtindo wake Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Mahasimu wao, bendi iliyozaliwa 1964 kama NUTA Jazz, leo wanaitwa Msondo Ngoma. Watu wana magitaa ya umeme, wana mtu wa tiketi mlangoni, na bado wanataka kujiita ngoma! Walijua jina lipi lina uzito.

Na hebu litazameni lenyewe hilo neno ngoma. Ni kile chombo cha mti na ngozi. Ni shughuli nzima, na watu wake na pombe yake. Ni wimbo pia: kijana wa Bongo Fleva akitoa kibao kipya anasema ametoa ngoma, hata kama hakuna ngozi ndani yake wala mtu wa kuicheza. Timu zikifungana bao moja moja, ngoma droo. Jambo likishindikana, ngoma nzito. Kucheza nako ndiyo kabisa: tunacheza mpira, tunacheza bao, tunacheza filamu, tunacheza muziki. Kwa watu wa pwani na wa kusini mwali huchezwa, maana yake anafundwa, anapewa maneno ya utu uzima kwa nyimbo na mafumbo. Jaribu kuligeuza hilo kwa Kiingereza ukitumia dance uone utakachopata.

Sasa niwapeleke kwetu, maana ndiko hasira yangu ilikoanzia. Rubafu ni kata ya ziwani, Bukoba Vijijini, upande wa Bugabo. Juu migomba na mibuni, chini ufukweni dagaa wameanikwa. Kwa Kihaya engoma ni ngoma, hilo halina tabu. Lakini tuna kitu kingine kinaitwa ebyebugo. Mwanamume anasimama mbele ya watu, zamani kwa mkuki mbele ya Omukama, siku hizi kwa fimbo mbele ya wakwe, na anajitaja. Yeye ni nani, mtoto wa nani, ukoo wake umefanya nini, yeye mwenyewe amepita wapi asipopita mwoga. Maneno yanatoka kwa kasi, kwa mkato, kwa mafumbo ambayo nusu yake vijana hatuyajui. Mguu unapiga ardhi pale pale mstari unapokatika. Fimbo inanyooshwa kwenye jina la babu, si kabla wala si baada. Watu wanaitikia.

Je, mzee huyo anacheza? Ndiyo, anacheza. Ila ukiniambia kwamba hicho ni dance na ukaishia hapo, umemkata kichwa. Mguu wake ni alama ya kituo. Ukiondoa maneno, mguu hauna la kufanya.

Miaka kadhaa iliyopita waandaaji wa tamasha moja la utamaduni, sitawataja, walileta fomu kijijini. Fomu ya Kiingereza, bila shaka. Jina la dance. Idadi ya wachezaji. Mavazi. Muda, usizidi dakika saba. Niliombwa niwasomee wazee kwa Kihaya, nikawasomea. Mzee mmoja, hodari wa kujigamba, alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Sasa, waitu, mimi nitasema saa ngapi?"

Hakukuwa na mstari wa kusema. Niliandika pembeni kwa kalamu kwamba kikundi kina msemaji na msemaji anahitaji dakika zake. Jibu lilirudi kwa simu siku ya tatu: haya ni mashindano ya dance, huyo mzee apunguzwe, au atoe utangulizi wa sekunde thelathini. Sekunde thelathini! Hata jina la babu yake asingelifikia. Kikundi kikaenda bila yeye. Vijana waliruka vizuri, wakapigwa picha, wakarudi na cheti cha ushiriki.

Mtu atasema huo ni ukorofi wa waandaaji wachache tu. Mimi naona ni ugonjwa wa zamani, na fomu ile ni upele tu. Tarehe 10 Desemba 1962, Jamhuri ilipozaliwa, Nyerere alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Katika hotuba hiyo alilalamika kwamba waliosoma walijivunia kujua rumba, chachacha na twist, hata waltz, ilhali wengi hawakupata hata kusikia Gombe Sugu, Kiduo au Lelemama. Alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini angalia mizani aliyotumia: ngoma upande mmoja, twist upande wa pili, kama bidhaa za duka moja. Ukishaweka hivyo, ngoma inakuwa ni twist yetu. Ni miondoko. Mtu anajifunza hatua, anavaa, anapanda jukwaani.

Na mwaka uliofuata, 1963, utawala wa machifu ukafutwa. Sililii machifu hapa, kila mtu na hesabu zake na historia. Lakini ngoma kubwa za Wahaya zilikaa kwenye nyua za Abakama, na hazikuwa mapambo, zilikuwa sehemu ya utawala wenyewe. Kwa jirani zetu wa Rwanda neno ingoma ni chombo na ni enzi pia, neno moja hilo hilo. Na waliojigamba walijigamba mbele ya mtu aliyekuwa na sababu ya kuwasikiliza. Nadhani hapa ndipo miguu ilipoachana na mdomo. Jukwaa la taifa liliweza kupokea miondoko ya Wahaya, ya Wasukuma, ya Wamakonde, dakika chache kila kabila, na watu wote wakapiga makofi. Maneno ya kumsifu Omukama au ukoo fulani yangekaa wapi pale? Tena kwa Kihaya, ambacho ukumbi hauelewi? Basi yakabaki nyumbani, na kile kilichosafiri kikaitwa ngoma za asili, na kwa wageni, traditional dance.

Najua jibu la walimu wa fasihi: mbona majigambo yamo kwenye mtaala? Yamo, kweli. Mulokozi, mwana wa Kagera, aliposhughulikia tanzu za fasihi simulizi katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliweka mpaka ngomezi, yaani fasihi ya ngoma inayosema. Neno kivugo mnalolikariri ni ndugu wa damu wa ebyebugo yetu. Lakini muulize mwanafunzi wa kidato cha nne wa Bugabo akupe mfano wa kivugo. Atakupa ule wa kitabuni. Jumamosi iliyopita amesimama harusini, hatua tano kutoka kwa mzee mwenye fimbo, akirekodi kwa simu, na video akaipa jina la dance. Hajui kwamba ametazama swali la mtihani.

Kuna jambo moja linanichekesha katika habari hii, ingawa si la kuchekesha. Mpiga enanga wetu aliokoka. Mulokozi huyo huyo aliandika makala mwaka 1983 akiuliza kama hao watambaji wa nanga ni wasanii wa tendi, na baadaye akafanya tasnifu nzima juu ya tendi zao. Wamenukuliwa, wamefasiriwa, wamejadiliwa. Kwa nini yeye na si mwenzake? Kazi ya watafiti ina sababu nyingi, lakini mimi nina yangu: mpiga enanga hukaa chini. Mtu aliyekaa anaonekana msanii wa maneno. Mtu aliyesimama akapiga mguu anaonekana mchezaji. Aliyekaa akapata tasnifu, aliyesimama akapata fomu ya dakika saba.

Na msidhani wasomaji wa fasihi kama sisi tumefanya vizuri zaidi. Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Bukoba, aliitikisa nchi kwa "Maria Salome". Nchi nzima ilicheza, Dar mpaka Mtwara, maneno ya Kihaya midomoni mwa watu wasiojua hata salamu ya Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakauchukua wakatoa "Salome", nchi ikacheza tena. Mara mbili ndani ya miaka kumi na tano! Sasa nioneshe uhakiki mmoja tu wa maneno ya mwanamke yule, uliokaa na lugha yake mstari kwa mstari kama mnavyokaa na Shaaban Robert au Kezilahabi. Nimetafuta. Nimekuta mazungumzo juu ya midundo, juu ya hakimiliki, juu ya viuno. Tuliamua mapema kwamba ni ngoma ya kucheza, na kwa kuwa ni ya kucheza, basi haisomwi.

Rafiki yangu mmoja mtafsiri ananiambia nimekuza jambo. Eti msomaji wa London anahitaji neno analolijua, na dance linatosha. Halitoshi. Chukua hadithi iliyoandikwa na mtu wa Kagera, mkoa ambao mwaka 1983 ulitambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania, mkoa ambao kila ukoo una kaburi la miaka ile. Ndani ya hadithi mtu ananong'ona: "Jamaa ana ngoma." Kwa Kiswahili cha mtaani, hiyo ni hukumu. Ukurasa wa pili ngoma inapigwa kwenye msiba au harusi, na mwandishi anajua msomaji wake bado anaisikia ile ya kwanza ndani ya hii ya pili. Mtafsiri akiweka ugonjwa huku na dance kule, uzi umekatika, na hakuna tanbihi itakayouunga. Liache lilivyo. Wamejifunza sushi, wamejifunza safari, ngoma itawashinda? Terence Ranger mwenyewe, kitabu chake cha 1975 kuhusu beni, kwenye jina kubwa aliweka dance, lakini kwenye jina dogo ilimlazimu aandike ngoma. Hata yeye alihitaji yote mawili.

Kwa hiyo mimi nimeacha. Katika chochote ninachoandika au kufasiri, ngoma inabaki ngoma, omutoro unabaki omutoro, na mtu anayejigamba anaitwa mshairi, hata kama anatokwa jasho na miguu ina vumbi. Fomu ikija tena Rubafu bila mstari wa kusema, sitaisoma kwa Kihaya wala kwa Kiswahili. Aliyeileta aisome mwenyewe mbele ya wale wazee.

Desemba harusi zitaanza, watu wanarudi kutoka Dar na Mwanza. Mimi nitakuwepo na daftari. Yule mzee bado ana sauti, ingawa fimbo sasa inamsaidia kutembea kuliko kunyooshea watu. Kama kuna mhakiki anayetaka kuja, nafasi ya kulala ipo, rubisi ipo, na senene tutakuwa tumebakiza. Sharti ni moja: simu yako uizime mpaka mzee amalize, kisha uniambie alisema nini.