Kipima unyevu kinachomaliza betri ni mzigo

Vijana wa Katandala, kiangazi ndiyo hiki, pampu zinanguruma bustanini. Mwaka jana nilinunua kipima unyevu wa udongo, nikakichomeka kwenye tuta la vitunguu. Wiki mbili na ushee, kimya. Kibaya zaidi, betri ilipoanza kuchoka namba zilipotoka, nami nikamwagilia kwa namba hizo. Vitunguu vya pembeni vilioza.

Kipima chenyewe hakikuwa na kosa. Kina bati mbili zilizofunikwa. Udongo ukilowa, uwezo wake wa kuhifadhi chaji unapanda. Umeme haupiti udongoni, ndiyo maana hakiliwi na kutu upesi kama vile vya misumari miwili. Kosa lilikuwa kwenye saketi ya kusomea: inasoma usiku na mchana, inakula miliampia 5. Betri ya 2,000 gawa kwa 5 ni saa 400, siku 16 hivi.

Sasa jamani, udongo unabadilika kila sekunde? Mara moja kwa saa inatosha kabisa. Saketi ilale, iamke sekunde moja, iwashe kipima, isome, ikizime, ilale tena. Betri ileile inavuka msimu.

Kwa hiyo dukani msiulize bei tu. Ulizeni kikilala kinakula kiasi gani. Muuzaji asipojua, mimi nisingenunua. Changu fundi redio amekiwekea transista ya kukata umeme. Mnaotaka kukiona, karibuni bustanini.